Mawe ya Redio

Kwetu Bwegera jiwe la redio halikutupwa ovyo. Likichoka, lilipandishwa juu ya bati asubuhi, likala jua la bonde la Ruzizi kutwa nzima, na magharibi likashushwa kurudi kazini. Likikataa hata jua, tulilitoboa kwa msumari, tukalinywesha maji ya chumvi, nalo likatulipa usiku mmoja wa mwisho. Wengine huyaita betri. Sisi tuliyaita mawe, na aliyewahi kuyabeba sita mfukoni anajua kwamba jina hilo liliyastahili. Redio ya yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, National ya kaseti moja, ilikula sita kwa mpigo, naye alijua umri wa kila jiwe kama mchungaji anavyojua umri wa ng'ombe wake. Waliopita barabarani, ile inayotoka Kamanyola na Luvungi kwenda Luberizi, Sange na Uvira, waliona mawe yamepangwa juu ya nyumba yetu wakajua kwamba usiku huo kwetu kungekuwa na nyimbo za Remmy Ongala.

Nasema habari za miaka ya mwisho ya themanini na ya mwanzo ya tisini, nchi ikiitwa Zaire. Mashariki, ng'ambo ya mto, tuliona vilima vya Burundi. Magharibi ilisimama milima ya Lemera, iliyotutangulia kupata mvua kila mwaka. Katikati tulikuwa sisi, na mihogo, pamba, mbu, na vumbi la malori.

Redio ya Kinshasa ilitupa Franco na OK Jazz, ilitupa Zaïko Langa Langa, nasi tuliwacheza hadi vumbi likasimama uani. Lakini Lingala kwetu ilikuwa lugha ya askari wa kizuizini kabla ya kuwa lugha ya mapenzi. Nyumbani tulisema Kifuliiru, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa. Wimbo wa Kinshasa tuliupokea kwa miguu, maneno tuliyabahatisha. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa jambo jingine. Mchana jua liliyanywa mawimbi yake yote. Usiku ulipokomaa ndipo yalipovuka ziwa, yakija na kupotea kama mtumbwi kwenye wimbi, na Kiswahili chake tulikielewa bila kumwuliza mtu.

Usiku nilioijua sauti ya Remmy Ongala, mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo kando ya koroboi. Wimbo ulikuwa Kifo. Mtu alikuwa anazungumza na kifo kwa sauti iliyokwaruza, kama jirani anayemdai jirani. Mama alisimamisha ungo. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kunizaa mimi. Hakusema neno mpaka magitaa yalipoanza kukimbizana, ndipo akauliza:

“Huyu ni mtoto wa nani?”

Aliyejibu swali hilo alikuwa mwalimu wangu wa darasa la sita. Mwalimu alikuwa na daftari la majina ya bendi na wapigaji, la karatasi za mraba, ambalo hakulifungua mbele ya mtu asiyependa muziki. Akaniambia jina kamili la mwimbaji huyo ni Ramazani Mtoro Ongala, amezaliwa Kindu mwaka 1947. Kindu! Siku hizo Kindu na Bwegera zilikuwa bado mkoa mmoja wa Kivu. Mkoa ulikuja kukatwa vipande vitatu mwaka 1988, Kindu ikawa ya Maniema. Mwaka 1978 mjomba wa Remmy, Makassy, mwenye Orchestra Makassy, alimwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia bendi ya Matimila, na chini yake ikawa Super Matimila. Kisha mwalimu akaniambia habari ya nywele. Mama yake Remmy alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, na mganga akaagiza mtoto huyu asinyolewe. Ndiyo sababu alikua na nywele zile ndefu zilizosokotana, muda mrefu kabla ya watu wa huku kusikia habari za Jamaika.

Nilimpelekea mama jibu hilo jioni. Alifikiri kidogo, akasema, “Basi anajua anachokisema,” na tangu siku hiyo hakulalamika tena juu ya mawe kwenye bati lake.

Lipo jambo jingine ambalo mwalimu alitufundisha kulisikia. Remmy alipoimba, Kiswahili chake hakikuwa chote cha Dar es Salaam. Alikuwa na wimbo ulioitwa Inchi Yetu, na ukiwa mtu wa Kivu hilo “inchi” linakugonga kifuani, kwa sababu ndivyo tulivyosema sisi, na ndivyo tulivyoandika barua zetu mpaka tukasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mtu wetu alikuwa amekwenda mji mkubwa, amepewa jina la Doctor, anasikilizwa na taifa zima, na ulimi hakuubadilisha. Sijui kama watu wa Dar waliliona hilo. Sisi tulilikalia kama urithi.

Tulikuwa watano. Yaya, mwenye redio. Mwalimu, mwenye daftari. Fundi wa redio pale karibu na soko, aliyetengeneza vitu vya watu kwa chuma cha kulehemu alichokipasha kwenye makaa. Mama mmoja mwenye nganda, kilabu cha pombe, aliyeuza kasiksi ya ndizi na, pesa ikiwepo, bia ya Primus. Na mimi, mdogo kuliko wote, niliyeruhusiwa kuwemo kwa sababu ya kubeba mawe. Vijana wengine wa Bwegera walitushangaa. Walitaka sebene ije haraka, wacheze, waende. Sisi tulipenda ile sehemu ya mwanzo, ndefu, ambamo gitaa la ridhimu linatembea polepole na mtu anasimulia maisha ya mnyonge. Huko Tanzania ile sehemu ya pili, inayoinua watu vitini, waliiita chemko. Mwalimu alisema chungu kisichokaa motoni hakichemki, na mtu akianza kupiga soga kabla ya chemko alimtazama mpaka akanyamaza.

Muziki huo ulirekodiwa kwa namna ambayo leo inanistaajabisha. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Bendi iliingia studio ya redio ya taifa, ikapiga, wimbo ukabaki kwenye utepe wa redio, nao watu wakaupata hewani, au kwa kaseti iliyonaswa kutoka hewani, na kaseti ya kaseti hiyo. Mwanamuziki hakuambulia karibu chochote. Kila mpenzi wa Remmy alikuwa na Remmy wake, mwenye mikwaruzo yake na sauti ya mtangazaji iliyokatiza mahali pake.

Remmy wetu alikuja kutoka Kigoma. Mfanyabiashara wa ndakala, yaani dagaa, alimletea yule mama wa nganda kaseti moja kama nyongeza ya deni, na upande wa kwanza ulikuwa na Kipenda Roho. Tuliipiga hata maandishi yakafutika. Usiku mmoja redio iliila. Wenye umri wangu wanakumbuka hofu ile, sauti inavyozama kama mtu anayesinzia, kisha utepe unatoka kama matumbo. Yaya alishika kichwa. Fundi alikuja na wembe, akakata sehemu iliyokunjamana, akaunga kwa rangi ya kucha ya dada yetu. Ilishika. Lakini tangu hapo, katikati ya Kipenda Roho, palikuwa na shimo: gitaa linaanza kupanda, kisha kufumba na kufumbua tuko kwingine. Mwalimu hakukubali. Wimbo ulipofika hapo aliziba pengo kwa mdomo, mm-mm-mm, kama alivyolikumbuka gitaa, nasi tukamfuata. Baada ya mwaka mmoja hatukuweza kuusikia wimbo ule bila kuuziba.

Mwaka 1990 zilikuja habari za wimbo ambao redio ya taifa ya Tanzania ilikataa kuupiga. Mambo kwa Soksi. Tulibishana wiki nzima. Kwetu inayovaliwa miguuni ni shoseti, kwa Kifaransa chetu cha sokoni, na hakuna aliyeelewa kwa nini serikali iogope vazi la mguu. Msafiri mmoja ndiye aliyetueleza kwamba Remmy alikuwa anawaambia watu wavae mpira wa kujikinga na ukimwi. Hatukucheka. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika njia ya malori, na hapakuwa na mtu mzima pale bondeni aliyetutajia jina lake. Mtu wa Kindu alilitaja kwa gitaa. Mimi namhesabia hilo kuliko nyimbo zote nzuri.

Kisha miaka ikaharibika. Oktoba 1993 Burundi iliwaka, na watu wakavuka Ruzizi kwa maelfu wakijaa bondeni kwetu. Mwaka 1994 wakaja wa Rwanda. Oktoba 1996 vita ikawa yetu: Lemera ilishambuliwa, hospitali na wagonjwa wake, na kabla ya mwezi kwisha Uvira nayo ilikuwa imeanguka. Tulikimbia kusini na ziwa likiwa mkono wa kushoto. Mwalimu hatukumwona tena baada ya Sange. Redio ilibaki. Kaseti yaya aliifunga ndani ya nguo za mtoto wake, na hivyo ndivyo Kipenda Roho ilivyovuka Tanganyika kurudi Kigoma ilikotoka.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996. Sina haja ya kuisimulia yote. Nitasema tu kwamba huko redio ya Tanzania ilisikika mchana kweupe, safi, bila kuzama, na mara ya kwanza nilipomsikia Remmy bila wimbi la ziwa nilihisi kama nimeibiwa kitu.

Nilipata kibarua kwenye mabomba ya maji. Msimamizi wetu alikuwa Mwingereza wa makamo aliyekaa Tanzania miaka mingi. Kambini watu walimwita Bwana Maji. Siku moja nafunga koki huku naimba, akasimama nyuma yangu.

“Kijana, huyo ni Remmy?”

“Ndiye, bwana. Unamjuaje?”

“Kwa sababu ya mvua,” akasema.

Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye madumu, siku kadhaa, kipande kwa kipande. Ujana wake aliupitishia bendi moja iitwayo Genesis. Waliianzisha vijana wa shule ya Charterhouse mwaka 1967. Nyimbo zao zilikuwa ndefu na zenye milango mingi. Mmoja, Supper's Ready wa mwaka 1972, unakaribia dakika 23. Mwimbaji wao, Peter Gabriel, mwaka huohuo alipanda jukwaani amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, na watu wakabaki vinywa wazi. Mwaka 1975 aliwaacha wenzake. Bwana Maji alisema shuleni kwao wapenzi wa nyimbo hizo walikuwa wachache na walichekwa, kwamba mnakaaje kusikiliza muziki usiochezeka? Wakanyamaza, wakapeana kaseti, wakayajua maneno yote kwa moyo. Nilimsikiliza nikamwona mwalimu wangu na daftari lake la mraba.

Kisha akafika kwenye mvua. Gabriel, baada ya kutoka Genesis, alishiriki kuanzisha tamasha la muziki wa dunia nzima, WOMAD. La kwanza lilifanyika Julai 1982 huko Shepton Mallet, Uingereza. Alipotaja waliopiga, alitaja wapiga ngoma wa Burundi, nami nikamwomba arudie. Watu wa vilima vile nilivyoviona kila asubuhi nikitoka kuoga! Walipiga, watu wakashangilia, lakini hesabu haikutosha. Tamasha liliwaachia waandaaji madeni makubwa, na Gabriel akatishiwa na wadai. Ndipo wenzake wa zamani, Tony Banks, Mike Rutherford na Phil Collins, walipokubali kupiga naye tena, usiku mmoja tu, ili deni lilipwe. Ilikuwa tarehe 2 Oktoba 1982, Milton Keynes, uwanjani, bila paa. Mvua ilinyesha kutwa. Bwana Maji alikuwa na miaka ishirini, amesimama kwenye matope hadi kwenye vifundo vya miguu, na alipoona jeneza linabebwa kuingizwa jukwaani, na Gabriel akatoka ndani yake, alilia.

Nilimwambia hilo la jeneza Remmy angelielewa. Tulicheka wote wawili, kisha tukanyamaza, kwa sababu pale kambini hakukupita wiki bila jeneza.

Deni lililipwa, tamasha likaishi. Mwaka 1988 likaialika Super Matimila. Mwaka 1989 Gabriel alianzisha kampuni ya sahani, Real World, yenye studio kijijini Box, na mwaka huohuo ikatoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala; Mambo ikafuata 1992. Bwana Maji alinunua ile ya kwanza kwa kufuata jina la Gabriel tu, hajui Remmy ni nani wala Kindu iko wapi. Alisema ndiyo iliyomfanya ajifunze Kiswahili.

Niliporudi kwenye hema usiku ule sikulala. Nilijaribu kupanga safari yote kichwani. Wapiga ngoma wa ng'ambo ya mto wetu wanakwenda mbali, tamasha lao linaanguka, vijana waliochekwa shuleni wanasimama kwenye mvua na kulipa deni, na mlango uleule unabaki wazi mpaka anapita mtu wa Kivu mwenye nywele zisizonyolewa. Hakuna kati yao aliyejua habari za mwingine. Wakati huo sisi tulikuwa juu ya bati tunapanga mawe.

Bwana Maji alinipigia Supper's Ready garini mwake. Dakika za kwanza nilingojea ngoma ishike njia, haikushika. Ilinichosha. Tulipoirudia juma lililofuata ndipo nikatambua kwamba nasikiliza simulizi inayohama nyumba baada ya nyumba, na kwamba lazima uvumilie ukumbi mpaka ufike chumbani. Hadi leo siwezi kusema naipenda kama anavyoipenda yeye. Lakini subira yake naijua. Ni subira ileile ya kungojea chemko.

Nami nilimpelekea kaseti yetu. Alikuwa na Kipenda Roho kwenye sahani yake ya Uingereza, nikamwambia hatimaye nitasikia kilichokuwa kwenye shimo. Tulikaa. Wimbo ulianza, safi kama maji ya bomba jipya, kila gitaa mahali pake. Nikangoja. Pale mahali hapakuwepo! Kule Box walikuwa wameupiga upya. Gitaa lilipita njia nyingine kabisa. Bwana Maji aliniona uso, akazima. Akaomba asikilize yetu. Ilipofika kwenye kiungo cha rangi ya kucha, nikaziba kwa mdomo bila kufikiri, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani kwa wenyewe.

Aliondoka Kasulu mwaka 2001. Kaseti iliyokuwa imefutika aliiandikia jina upya kwa kalamu ya wino mweusi: Bwegera.

Tulirudi nyumbani miaka ya amani nusu-nusu. Yule mama wa nganda alikuwa bado yupo, amezeeka, mlango uleule. Fundi naye yupo, sasa anatengeneza simu. Tarehe 13 Desemba 2010 redio zilitangaza kwamba Remmy Ongala amefariki Dar es Salaam, katika jiji ambalo kituo cha daladala kule Sinza kinaitwa Kwa Remmy. Miaka yake ya mwisho aliokoka, akaimba injili, na zile nywele akazikata. Yaya aliposikia habari za nywele alikaa kimya kirefu, kisha akasema mama yetu asingependa.

Jioni ile tulikutana kwa mama wa nganda, wanne, na kiti cha tano tukamwachia mwalimu. Redio ya kaseti haikupatikana Bwegera nzima. Kijana mmoja anayechaji simu kwa jenereta akasema anazo nyimbo za wazee kwenye kadi, akatafuta, akaipata Kipenda Roho. Haikuwa ile ya Uingereza. Ilikuwa yenyewe, ya studio ya redio, nzima, na sauti ya mtangazaji imebaki pembeni. Yaya alinishika mkono. Miaka zaidi ya ishirini tulikuwa tumeungojea wimbo huo.

Gitaa likaanza kupanda. Na lilipofika pale, sote wanne, pamoja na yule mama aliyekuwa hasikii vizuri sikio la kulia, tukafungua midomo tukaanza, mm-mm-mm, kwa nguvu, kama mwalimu alivyotufundisha, hata gitaa lenyewe likafunikwa tusilisikie.

“Nirudishe?” kijana akauliza.

“Acha iende, mwanangu,” akasema mama.